Uzoefu wangu: matembezi ya kulipia Bedford Park na mwongozaji asiyetaka kuulizwa

Ninatoa nyota moja, na hiyo moja ni ya kanisa. Mwongozaji mwenyewe hana nyota kwangu. Jina lake sitaliweka hapa, wala la kampuni iliyomtuma. Ninachotaka ni watu wajue kwamba unaweza kulipia historia ya mtaa mzima ukapewa nusu yake, na ukiidai ile nusu nyingine unanyamazishwa mbele za watu.

Nilikuwa London kwa dada yangu, ambaye yeye na mumewe wanaishi Acton. Bedford Park iko hapo karibu, mwendo wa miguu. Mimi ni fundi mwashi na nimezaliwa Kaloleni, Nairobi. Wanaoijua Kaloleni wataelewa kwa nini nilitaka kuuona mtaa huu kuliko daraja la Tower au kasri la mfalme. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na waliochora ramani yake walifuata fikra za mji wa bustani: nyumba zenye nafasi, nyasi, miti, ukumbi wa jamii kwa watu wote. Ukizifuata fikra hizo kurudi nyuma unapita mtaa wa Hampstead Garden Suburb wa London, wa 1907, unapita mji wa Letchworth ulioanza 1903 kwa mawazo ya Ebenezer Howard, mwanzilishi wa fikra hizo za mji wa bustani, halafu unafika magharibi mwa London, kando ya kituo cha treni cha Turnham Green, kwenye ekari 24 ambazo Jonathan Carr alizinunua mwaka 1875. Hapo ndipo Bedford Park, na wengi wanauita mtaa wa kwanza wa bustani. Kwangu ni kama kwenda kumwona babu wa babu yangu.

Basi tukalipa, mimi na shemeji. Tulikuwa kikundi kidogo, wengi wao wazee wa Kiingereza wenye adabu zao. Mwongozaji alianza vizuri, nakiri. Ana sauti, anajua kusimama mahali ambapo kila mtu anaona. Lakini tangu kituoni alikuwa na wimbo mmoja, msanifu majengo Norman Shaw: Norman Shaw alijenga hiki, Norman Shaw alijenga kile, Norman Shaw alibuni mtaa wote huu.

Tukafika The Avenue, kwenye nyumba nambari 1 na 2. Hapo nikainua mkono. Nyumba hizo mbili si za Shaw. Ni za msanifu mwingine, Edward William Godwin, zilizojengwa 1876, wakati Shaw bado hajaajiriwa na Carr. Nikauliza kwa upole kabisa: je, si kweli kwamba Godwin ndiye msanifu wa kwanza wa mtaa huu, na kwamba Shaw alikuja 1877? Yule bwana akanitazama kutoka viatuni hadi kichwani, akasema, "Bwana, watu hawa wamenilipa mimi niongee. Hawakukulipa wewe." Akageuka, akaendelea kutembea. Watu wawili wakacheka. Shemeji akanishika mkono akaniambia kwa Kiswahili, "Shemeji, mwache. Tumalize tuondoke."

Sikumjibu, lakini tangu dakika ile sikusikia tena neno lolote lililotoka kinywani mwake bila kulipima.

Na mimi pia nilikuwa nimelipa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nililipa sawasawa na wale waliocheka.

Kwa nini nashikilia Godwin? Kwa sababu bila yeye huwezi kuelewa mtaa huu ulivyozaliwa. Carr alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, si mjenzi. Ardhi aliipata kwa upande wa ukweni: baba mkwe wake, mhandisi Hamilton Fulton, alikuwa akiishi Bedford House, nyumba iliyoupa mtaa jina. Ndugu yake Carr, Comyns, alikuwa mtu wa sanaa, na Carr alitaka nyumba za watu wenye jicho la sanaa lakini wasio na mfuko wa matajiri. Akamwendea Godwin. Michoro ikatoka, ikachapishwa kwenye The Building News, gazeti la wajenzi, na ikashambuliwa. Godwin akaondoka. Kampuni ya Coe na Robinson nayo ikachora kidogo. Ndipo akaja Shaw. Maana yake ni kwamba wateja na wasomaji wa gazeti la kawaida la ufundi walikuwa na sauti juu ya nyumba za mtaa huu tangu siku za mwanzo. Hiyo ni hadithi tamu, na inamhusu mtu yeyote aliyewahi kujenga kwa pesa za mwingine. Mwongozaji aliitupa kwa sababu ya ratiba yake.

Na Shaw mwenyewe hakukaa. Kufikia 1880 alikuwa ameshaacha kazi ya mtaa, akaichukua Edward John May. Maurice Adams akaja na shule ya sanaa. William Wilson naye ana nyumba zake humo. Kisha mwaka 1891 msanifu Charles Voysey akasimamisha nyumba nambari 14 South Parade, nyembamba, ndefu, yenye lipu nyeupe, katikati ya matofali mekundu ya jirani zake wote. Ukisimama kwenye nyasi za Acton Green huwezi kuikosa. Tuliipita! Tuliipita tukiwa tunaelezwa bei za nyumba za sasa na ni mwigizaji gani anakaa wapi. Niliposimama kuitazama, mwongozaji aliita kutoka mbele kwamba tunachelewa.

Sasa niseme kile ambacho fundi anakiona pale, kwa sababu hakuna aliyetuambia. Nyumba nyingi za London za enzi ile zilikuwa zimefunikwa lipu iliyopakwa rangi ili zionekane za mawe, na chini yake kulikuwa na ghorofa ya chini ya ardhi ambako watumishi walipika na kufua kwenye unyevu bila mwanga. Bedford Park ilikataa yote mawili. Matofali yako wazi, mekundu, ya kuchoma, na huwezi kuficha kazi mbaya nyuma ya tofali lililo wazi. Kila mshono unaonekana. Chini ya ardhi hapana kitu: jiko limepandishwa usawa wa bustani, na mpishi anaona jua. Ile habari ya jiko peke yake ingenitosha kama angesimama akaieleza kwa dakika tatu. Mbao za madirisha zimepakwa rangi nyeupe, kuta za juu zimevikwa vigae vilivyotundikwa kama vya paani, kuna roshani ndogo, kuna baraza mlangoni, na mbele kuna uzio wa mbao badala ya chuma. Mtindo huo wanauita wa Malkia Anne, kwa sababu ulichota kwenye nyumba za matofali za karne mbili hizi, ya 17 na ya 18.

Na miti. Bedford House aliwahi kuishi John Lindley, mtaalamu mkubwa wa mimea, na ardhi hiyo ilikuwa na miti iliyokomaa. Carr hakuikata ili nyumba zikae mstari. Barabara zilipindishwa ziipishe miti. Mimi nimefanya kazi kwenye viwanja vingi, na kitu cha kwanza kinachoingia kiwanjani kwetu ni msumeno. Mti wa miaka hamsini unaangushwa asubuhi, halafu mchana mwenye kiwanja anauliza kivuli kiko wapi. Pale nilisimama chini ya mti, nikaangalia jinsi njia inavyouzunguka, nikasahau hasira kwa muda.

Basi hapo ndipo nilipoanza kumsamehe yule bwana, maana alitufikisha kanisani. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote ni kazi ya Shaw kweli, lilifunguliwa 1880, na hapo mwongozaji alikuwa kwenye shamba lake. Alitueleza vizuri sana. Kwa nje ni kanisa lisilojivuna: matofali mekundu, paa la vigae, kizuizi cha mbao nyeupe kinachozunguka kwenye paa kana kwamba ni roshani ya nyumba ya mtu, na kimnara kidogo cha mbao juu yake. Ndani mbao zimepakwa kijani, na mwanga unaingia juu. Alitunyamazisha wote tukakaa kwenye viti kimya, na nilipotazama kenchi za paa nilijua kwamba seremala aliyezifunga alikuwa akiipenda kazi yake. Ng'ambo ya barabara ya Bath kuna Tabard, baa ya mtaa, nayo ya Shaw, ya 1880, yenye vigae vya ukutani vya wasanii William De Morgan na Walter Crane. Alituingiza tukaviona kwa karibu. Kanisa na baa vinatazamana, na duka la mtaa likiwa limeungana na baa. Mchoro ule ulikuwa wa kukusudia, na alituonyesha hivyo. Pale ningempa nyota tatu, hata nne. Nilimwambia shemeji tuendelee kumpa nafasi.

Akaiharibu tena barabarani. Tulipita jengo la The Avenue lililokuwa klabu ya mtaa, iliyofunguliwa 1879, ambako wanaume na wanawake walikutana kucheza maigizo na kujadili mambo. Leo ni makao ya watawa wa Kibudha. Klabu hiyo ndiyo hasa ninayoiona ninapokumbuka ukumbi wa Kaloleni: wachoraji wa mitaa hii waliamini kwamba nyumba peke yake haitoshi, watu lazima wapewe mahali pa kukutana. Nilisubiri aseme. Hakusema kitu. Nikameza swali langu, kwa sababu nilishaambiwa nani amelipwa aongee. Hebu fikiria hilo: mtu mzima nimesafiri kutoka Nairobi, nina swali ambalo hakuna mwingine pale angeweza kuliuliza, nalimeza kama mtoto aliyefokewa darasani.

Halafu akamalizia kwa uongo. Siiti makosa, naiita uongo, kwa sababu anaifanya kazi hii kila wiki. Alisema serikali iliutambua mtaa kuwa wa thamani ikauhifadhi, ndiyo maana bado upo. Hapana. Kampuni ya Carr ilifilisika 1886. Nyumba yake mwenyewe, Tower House, aliyochorewa na Shaw, ilibomolewa miaka ya 1930 na mahali pake pakajengwa jengo la fleti. Baada ya vita kuu ya pili nyumba nyingi ziligawanywa vyumba vya kupangisha, zikachakaa, na nyundo za wabomoaji zikaanza kusogea. Waliosimama ni wakazi. Mwaka 1963 Tom Greeves, msanifu majengo, na Harry Taylor walianzisha chama cha kuutetea mtaa, wakapiga kelele, wakaandika, wakahesabu nyumba, mpaka mwaka 1967 nyumba 356 zikaingizwa kwa mkupuo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria. Serikali ilifuata. Watu walitangulia.

Mimi natoka mtaa ambao kila baada ya miaka michache tunasikia kuna mpango wa kuubomoa tujengewe maghorofa. Habari ya Greeves na Taylor ndiyo niliyokuwa naihitaji kuipeleka nyumbani kuliko zote, na ndiyo iliyopewa sentensi moja ya uongo mbele ya sanamu ya kumuenzi mshairi Yeats, iliyowekwa nje ya kanisa mwaka 2022. Kwenye sanamu hiyo tulikaa muda mrefu tukipiga picha. Sina neno na Yeats. Familia yake iliishi Blenheim Road kuanzia 1888, na anastahili heshima yake. Lakini Yeats hakuuokoa mtaa.

Kuna watakaosema nimekuwa mkali, kwamba bwana yule alikuwa na siku mbaya. Inawezekana. Shemeji anasema kwa mtu asiyejua chochote matembezi yale yanatosha, na kwamba wale wazee waliondoka wakiwa na furaha. Mtu akiniuliza kama aende Bedford Park, namwambia aende kesho. Ashuke Turnham Green, aanze kwenye nyumba mbili za Godwin, aingie kanisani, avuke kwenda Tabard kuona vigae, apite klabu ya zamani, amalizie South Parade kwa Voysey. Barabara ni za umma, hazidai kiingilio, na wakazi niliokutana nao baadaye niliporudi peke yangu walinijibu maswali yangu wakiwa wameegemea uzio wao, bila kuangalia saa.

Niliiandikia kampuni nikieleza yote haya na kuomba nirudishiwe pesa. Wakanijibu kwamba wanasikitika sikufurahia, wakaniambatishia kuponi ya punguzo kwa matembezi mengine na mwongozaji yule yule. Kuhusu Godwin hawakusema lolote. Nilikuwa nimefikiria kuweka nyota mbili kwa ajili ya kanisa na Tabard. Baada ya kusoma barua hiyo nimeirudisha kuwa moja, na kuponi yao sitaitumia.