Vifaa vya kamera nilivyonunua nikianza kupiga picha: vilivyonifaa na vilivyolala kabatini

Natumia Nikon D3500, niliyoinunua mkononi mwa mtu ikiwa na lenzi yake ya 18-55mm. Kazi zangu ni za hapa Dar es Salaam: sendofu, kicheni pati, mahafali, na Jumapili picha za ufukweni Kigamboni. Nilianza kwa kununua kila nilichoambiwa dukani kwamba mpiga picha hawezi kukikosa, na nusu yake sijakigusa tena.

Kilichobadilisha picha zangu ni lenzi ya pili, AF-S DX NIKKOR 35mm f/1.8G. Kumbi zetu nyingi zina taa za rangi na mwanga hafifu. Lenzi ya 18-55mm ukiivuta mpaka mwisho inaishia f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo na mwanga unaoingia ni kidogo), kwa hiyo nilikuwa napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400 na bibi harusi mtarajiwa anatoka na chenga usoni. Hii ya 35mm inafunguka hadi f/1.8, na mwanga unaoingia ni zaidi ya mara tisa. Ukumbi uleule, siku hizi napiga kwa ISO 800. Ni nyepesi, gramu 200 tu, na haina zumu, kwa hiyo ni wewe unayesogea. Mimi hilo limenifundisha kuwakaribia watu na kuzungumza nao kabla ya kupiga.

Kidogo tu ningechukua lenzi isiyonifaa. Muuzaji alinipa 50mm f/1.8D, ya bei ndogo zaidi, na nilikwisha kutoa pesa mfukoni. Kaka mmoja mzoefu aliyekuwa pale dukani akaniambia niifunge kwanza kwenye bodi yangu. Nikabonyeza, haikulenga yenyewe. D3500 haina mota ya kulenga ndani ya bodi, inategemea mota iliyo ndani ya lenzi, yaani zile zilizoandikwa AF-S au AF-P. Lenzi zenye herufi D mwishoni zinakaa vizuri tu, lakini utalenga kwa kuzungusha kwa mkono. Kwenye mahafali, mtoto anapokea cheti na sekunde imeshapita. Nenda dukani na kamera yako, ujaribu palepale.

Memori kadi ndiyo iliyoniumiza. Nilinunua kadi ya 64GB kwa mtu wa barabarani, kwa nusu ya bei ya madukani. Kwenye kompyuta ilisomeka 64GB kweli. Katikati ya sendofu ya binti wa jirani yetu picha zilikuwa zinaonekana sawa kwenye kioo cha kamera, lakini nyumbani nikakuta faili nyingi za mwisho zimekuwa kijivu nusu, nyingine hazifunguki kabisa. Kadi feki hupangwa idanganye ukubwa wake. Nafasi halisi ikijaa, picha zinapotea huku kamera ikiendelea kuandika. Yule mama nililazimika kumwambia kwamba picha za binti yake akikata keki hazipo. Bado nikimwona njiani moyo unaniuma. Tangu hapo kila kadi mpya naipitisha kwenye programu ya bure inayoitwa H2testw: inaijaza kadi yote data, kisha inaisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Inachukua muda mrefu, iache ifanye kazi usiku. Pia usishawishike na kadi ya UHS-II, ile yenye safu mbili za pini nyuma. D3500 inatumia kasi ya UHS-I tu, hiyo ziada hutaiona. Mimi sasa nina kadi mbili za 32GB na nabadilisha katikati ya shughuli, moja ikiharibika nibaki na nyingine.

Betri ya akiba, ambayo kila mtu hukwambia uanze nayo, kwa kamera hii si ya haraka. Nikon wanataja picha 1,550 kwa chaji moja, na shughuli nzima inakwisha bado ina moto, mradi hupigi video. Kamera za mirrorless, zile zisizo na kioo cha kuakisi ndani, hula betri zaidi. Mwenye hiyo anunue mapema.

Kwa sisi wa pwani, kitu cha bei ndogo kinachookoa lenzi ni kipulizio cha mpira. Mchanga wa Kigamboni ukiufuta kwa kitambaa unakwaruza kioo. Upulize kwanza, ndipo ufute. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Na unyevu wetu huotesha fangasi ndani ya lenzi. Begi zuri lililofungwa kabatini halizuii hilo. Nahifadhi vyangu kwenye kontena ya plastiki ya chakula yenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu, na navibadilisha mara kwa mara.

Tripodi nyepesi ya bei rahisi ilikuwa hasara: upepo wa bahari unaitikisa, na kwenye shughuli watu wanaigonga. Filta ya UV, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi, ya bei poa niliitoa, ilikuwa inaleta miduara ya mwanga kila taa ilipoelekea kwangu.

Sasa natunza pesa ya flashi yenye kichwa kinachogeuka, ili mwanga ugonge dari jeupe ndipo urudi usoni kwa watu. Kabla ya kulipa nitaifunga kwenye kamera yangu na kupiga dari la duka lenyewe.