Disk2vhd ilihamisha kila kitu, leseni zikabaki nyuma

Kompyuta tatu za ofisini kwetu zilikuwa zimechoka, feni zikinguruma kutwa, lakini kila moja ilikuwa na programu tusiyoweza kuiacha. Nikaamua kuzigeuza kuwa mashine pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine, kwa kutumia VirtualBox. Kunakili diski zao kuwa faili za diski pepe nilitumia Disk2vhd ya Sysinternals, zana za Microsoft.

Kwa kunakili sina lawama, naipa nyota tano. Ni ndogo, ni ya bure, na inanakili diski huku Windows ikiendelea na kazi zake. Kwa VirtualBox, ondoa tiki kwenye VHDX (aina mpya zaidi ya faili la diski pepe) ili upate VHD, na faili lihifadhi kwenye diski ya nje. Mashine ya kwanza iliniletea skrini ya buluu yenye 0x0000007B, yaani Windows imeshindwa kuifikia diski ya kuwakia. Kwenye mipangilio ya VirtualBox nikaitoa diski pepe kwenye SATA nikaiweka kwenye IDE (aina mbili za kuunganisha diski), ikawaka.

Ikawaka, ikadai kuamilishwa upya, yaani leseni yake ithibitishwe tena na Microsoft. Kwa macho ya Windows 7, ubao mama, kadi ya mtandao na diski vyote ni vigeni. Mbili kati ya zile tatu zilikuwa na leseni ya OEM, yaani iliyokuja na kompyuta yenyewe. Uamilishaji wake hutegemea alama iliyowekwa na mtengenezaji ndani ya BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta), na BIOS ya mashine pepe haina alama hiyo. Hata masharti yake huifunga kwenye kompyuta iliyouzwa nayo, kwa hiyo nililazimika kutafuta leseni nyingine. Leseni ya tatu ilinunuliwa kando, si pamoja na kompyuta, ikakubali kuamilishwa kwa simu baada ya kubonyeza tarakimu 54 (nilikosea, nikaanza upya). Amri ya slmgr /dlv ingenionyesha aina ya leseni kabla sijanakili chochote. Niliijua nikiwa nimeshachelewa.

Iliyonitoa jasho hasa ni programu ya uhasibu. Leseni yake ilifungwa kwenye anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) na namba ya kiwandani ya diski. Muuzaji alikubali kutoa ufunguo mpya, ila kwanza niizime leseni ya zamani ndani ya programu, kwenye kompyuta ileile, kisha nimtumie msimbo utakaotokea. Na diski ya kompyuta ile nilikuwa nimeshaichomoa, iko mezani inasubiri kufutwa! Nikairudisha mahali pake, nikabonyeza swichi, feni ikaanza kunguruma. Sijawahi kuufurahia mlio ule kama siku hiyo.