Leza za Zamani za Heliamu na Neoni: Kagua Mrija Kabla ya Kutoa Pesa

Karibuni watazamaji. Leo mezani kuna mirija miwili ya leza ya heliamu na neoni. Boksi la nje lisikubabaishe, hata likiwa na nembo ya Spectra-Physics, kampuni ya kutengeneza leza, na rangi bado inang'aa. Unacholipia ni mrija wa glasi wenye gesi ndani, na mrija hufia pale kioo kilipoungwa.

Leza ya kwanza ya gesi hii iliwashwa na Ali Javan na wenzake pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, Desemba 1960, kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Nyekundu tunayoijua, ya nanomita 632.8, ilifuata mwaka 1962.

Huu wa kwanza ni wa mtindo ule wa zamani. Tazama ncha zake: zimefungwa kwa vipande vya kioo vilivyokaa mshazari, na vioo vya kuakisi viko nje, unavirekebisha kwa skrubu. Unapendeza, sikatai. Ila vipande hivyo vimebandikwa kwa gundi ya epoksi, na epoksi hupitisha hewa na unyevu polepole hata leza ikiwa imelala kabatini. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "haijawahi kutumika," usishangilie.

Wa pili umetoka kwenye skana ya barkodi ya dukani, ya miaka ya 1980. Hapa vioo vya kuakisi vimeunganishwa na mrija wenyewe kwa unga wa kioo ulioyeyushwa. Hakuna epoksi. Ndiyo maana mingi bado inawaka.

Sasa sogea karibu: hili doa ndani ya glasi ni bariamu, kazi yake kunyonya gesi chafu. Likiwa la fedha au jeusi, vizuri. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeshaingia, rudisha. Ukiuwasha, mng'ao uwe wa waridi-chungwa. Ukiwa wa zambarau, basi tena.

Umeme: unahitaji volti 1,000 hadi 2,000 kuendesha, kuwasha ni mara kadhaa ya hapo, mkondo miliampia 4 hadi 6. Weka rezista (kizuizi cha mkondo) ya kiloomu 75 karibu na anodi, yaani ncha chanya, la sivyo mrija utapepesa na kuzimika. Waya hasi uende kwenye silinda kubwa ya alumini. Ukigeuza, chuma cha anodi hurukia kioo cha kuakisi na kukiharibu.

Kwa anayeanza, nunua huu wa skana. Na ukizima, usiguse nyaya kabla ya kumaliza chaji iliyobaki kwenye kapasita.