Gereji iliyokataa pesa yangu ya alaimenti

Kisumu hatukosi mahali pa kupiga alaimenti, yaani kupima na kurekebisha magurudumu yakae sawa. Eneo la viwanda lote limejaa mabango ya magurudumu. Adimu ni fundi wa kulikagua gari kabla ya kulipandisha kwenye mashine, ndiyo sababu naandika kuhusu gereji hii ndogo iliyo nyuma ya Obote Road, yenye lango la mabati ya buluu na mwembe uani. Bango haina.

Gari langu ni Toyota Fielder na kazi yake ni mayai. Nayachukua kwa wafugaji wa Maseno na Luanda, nayashusha kwenye hoteli na maduka ya mjini. Jumapili moja karibu na Kibuye, siku ambayo soko humwagika hadi barabarani, tuktuk ilisimama ghafla mbele yangu kushusha abiria. Nikakwepa, na gurudumu la mbele kushoto likapanda ukingo wa barabara kwa kishindo. Trei mbili zilikwisha papo hapo. Tairi halikupasuka, ila tangu siku hiyo usukani ukawa unakaa upande hata njia ikinyooka, na gari likawa linavuta kushoto kama punda aliyeona majani.

Nilianzia gereji kubwa yenye vigae sakafuni. Swali la kwanza: "Mwenye gari yuko wapi?" Mwenye gari nilikuwa nimesimama mbele yao na ufunguo mkononi. Kijana akalipandisha, akazungusha tai rodi, kile chuma kinachounganisha usukani na gurudumu, ya upande mmoja, akaung'oa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Shilingi 2,000. Nilipoomba karatasi ya vipimo, nikaambiwa printa ina shida. Usukani ulinyooka kweli, lakini gari liliendelea kuvuta vilevile, na muda si mrefu tairi la kushoto likaanza kuliwa bega la nje. Ukipitisha kiganja unakuta nje ni laini kabisa, ndani meno bado yapo.

Mteja wangu mmoja wa mayai ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa gereji hii ya mwembe. Nilifika nikisema nataka alaimenti. Akalizunguka gari mara moja, akaniambia, "Mama, alaimenti sifanyi kwanza. Pesa yako kaa nayo."

Akalipiga jeki. Alishika gurudumu juu na chini akalitikisa, kisha kushoto na kulia. La kwanza, anasema, linamwonyesha boli jointi (kiungo cha chini cha gurudumu) na beringi linayozungukia, la pili linamwonyesha tai rodi. Hakukuwa na mchezo. Akaweka bisibisi karibu na ukingo wa rimu, akazungusha gurudumu polepole: kila mzunguko kuna mahali rimu inaisogelea bisibisi hadi kuigusa, halafu inaondoka. Hapo hata mimi nisiye fundi niliona imepinda. Gari liliposhushwa, akapima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi upande wa nyuma. Kulia viliingia vidole vinne, kushoto vitatu. Gurudumu lilikuwa limerudishwa nyuma na ule ukingo.

Kisha akaniita chini ya gari. Wengi hawamwiti mteja, hasa mteja akiwa mwanamke, lakini huyu alinitandikia katoni nikaingia. Akamulika tochi kwenye loa amu ya kulia, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini, kisha ya kushoto. Ya kulia imenyooka. Ya kushoto, karibu na bushi, ile raba ya kiungo chake, rangi ilikuwa imepasuka kwa mstari, kutu mbichi imeingia humo, na chuma chenyewe kina mkunjo. Maelezo yake yalikuwa mafupi: kwa Fielder, tai rodi zinakuwezesha kurekebisha magurudumu ya mbele yanaelekea wapi, lakini kuinama kwa gurudumu ndani au nje hakuna nati ya kurekebishia tangu kiwandani. Mkono ukipinda, chini ya gurudumu huingia ndani, juu hutoka nje, bega la nje linalika na gari linavuta upande huo. Mashine hupima tu, chuma haikinyooshi.

Nikamuuliza kama nibadilishe mikono yote miwili. Akakataa tena: "Wa kulia haukugonga kitu." Nilinunua mmoja uliotumika kutoka Japani kwa 4,500, boli jointi yangu ikahamishiwa humo. Nguvu za fundi 1,500.

Hapa kuna jambo lililonifanya nimwamini zaidi. Kijana wake alikuwa anaanza kukaza bolti za bushi gurudumu likiwa linaning'inia. Mzee akapaza sauti toka upande wa pili wa uwanja: "Shusha gari kwanza!" Mpira wa bushi hukazwa gari likiwa limebeba uzito wake. Ukikazwa likiwa hewani, gari likishuka mpira unabaki umejikunja na kupasuka mapema. Kijana akalegeza, akashusha, akaanza upya.

Rimu hawanyooshi. Walinituma kwa vijana wa jua kali, nikarudi nayo ikafanyiwa balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu. Yangu ni ya chuma. Ya aloi ikiwa na ufa, mzee anasema usikubali ichomelewe, tafuta nyingine.

Ndipo alaimenti ikaja, 2,500, ghali kuliko ile ya vigae, lakini safari hii na karatasi. Kuinama kwa gurudumu kwa digrii, kabla: kushoto +1.4 (juu limetoka nje) kwa rangi nyekundu, kulia −0.5. Baada: kushoto −0.4 kwa kijani. Usukani ulifungwa ukiwa katikati, tai rodi zikarekebishwa pande zote mbili. Tukaenda kujaribu njia ya Kisian. Aliachia usukani kidogo, gari likaanza kuelea kushoto, roho yangu ikaruka. Akanionyesha kwamba barabara yenyewe imeinamia kushoto ili maji ya mvua yatoke. Tulipofika mahali tambarare, likaenda mbele bila kuyumba.

Sasa lawama, maana zipo. Wana mashine moja, na mzee hafanyi haraka kwa yeyote. Fika kabla ya saa mbili asubuhi au uache gari ulale bila gari. Mwenyewe ni Msabato, kwa hiyo tangu Ijumaa mchana hadi Jumapili usijisumbue. Mahali pa kungojea ni benchi chini ya mwembe, na mvua za alasiri za hapa mnazijua. Malipo ni M-Pesa, risiti ya kuandikwa kwa mkono. Tairi lililoliwa halirudi, nililazimika kununua lingine, na hasara hiyo naihesabia ile gereji ya vigae.

Nampa nyota nne. Ya tano atapewa siku atakayojenga choo cha wateja, kwa sababu kwenda kuomba choo kwenye kituo cha mafuta katikati ya kazi ya nusu siku si jambo la mama wa umri wangu.