Siku tatu za kuruka kwa safu Tanga: pesa yangu imekwenda wapi

Nianze na aibu. Mwaka jana mimi na shemeji, kila mtu na leseni yake ya urubani binafsi na ndege ndogo ya kukodi, Cessna 172, tuliruka sambamba kwenda kisiwa cha Maziwe ili dada atupige picha. Makubaliano yetu yote yalikuwa "tukutane juu ya Pangani". Nikajisogeza kushoto kwake, nikashuka kidogo, akapotea. Bawa la Cessna liko juu ya kichwa. Ukiwa chini ya mwenzio, bawa lako mwenyewe linamfunika. Kama sekunde tano sikujua alipo. Tulipotua tukacheka, tukala pweza. Usiku sikulala.

Ndiyo maana niliposikia habari za Kapteni mmoja anayefundisha kuruka kwa safu, yaani ndege kuruka karibukaribu kwa mpangilio, mwalimu wa kujitegemea asiye na bango wala ofisi, nikamwita Tanga.

Siku ya kwanza alitupanga mimi na shemeji kwenye zege la maegesho ya ndege, mikono tumeitanua, tukawa tunatembea: mmoja kiongozi, mwingine namba mbili. Kiongozi akikata kona, aliye upande wa nje anakaza mwendo, wa ndani anapunguza. Walinzi walicheka mpaka wakakaa chini. Sisi tuliokulia juu ya baiskeli, tukitoka shule mkono begani mwa mwenzio, mchezo huu tunaujua. Tatizo ni kwamba baiskeli ina breki.

Angani, futi 3,000, mwendo wa noti 90 (maili za baharini kwa saa), nikaelewa kwa nini alitutembeza. Nilikuwa kulia kwa kiongozi, nyuma kidogo. Alama aliyonipa ni magurudumu yake: la kulia lilifunike la mbele. La mbele likichomoza upande wa kulia, nimekwenda mbele mno; likichomoza kushoto, nimebaki nyuma. Basi. Macho hayaondoki hapo. Mkono wa mafuta, ule wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, unausogeza nusu inchi, unaurudisha robo, na kabla hujatulia unausogeza tena. Shati lililowa mgongo mzima. Tumepita juu ya mashamba ya mkonge ya Kigombe, tumevuka mto Pangani mara nne, sikuona hata mche mmoja.

Somo lililonilipa pesa yote ni neno moja la redioni: "Simwoni." Ukilisema, hapo hapo unajitenga na pale ulipomwona mwisho, naye kiongozi anakutajia mwelekeo na kimo chake. Alinilazimisha nilirudie mpaka likawa halina haya. Kule Maziwe mimi nilinyamaza, nikisubiri atokee.

Na ukimwendea kiongozi kwa kasi iliyozidi wakati anazunguka, usijipinde zaidi ukamwonyesha tumbo la ndege, maana hapo ndipo unapompoteza. Nyoosha mabawa, pita nyuma yake utokee nje ya kona, tulia, anza upya. Shemeji alifanya kosa hilo mara mbili na mara zote mbili Kapteni alichukua usukani bila kusema kitu. Kimya chake kilituumiza kuliko kelele.

Malalamiko ninayo. Tuliahidiwa kuanza saa 12 asubuhi. Siku ya pili alifika saa 2 kasoro. Wa mjini atasema ni jambo dogo, lakini ikifika saa 4 jua limeshapasha ardhi, hewa inapanda, ndege zinarushwa kama daladala kwenye mashimo, na huwezi kumkaribia mtu. Saa nzima ya mafuta ilipotea, na hapo ni ndege mbili, kila moja inakunywa zaidi ya lita 30 kwa saa. Redio ya ndege ya pili ilikuwa inakoroma. Nilitaka tuahirishe, akasema ishara za mkono zinatosha. Hazikunitosha mimi. Kwa mtu anayefundisha "simwoni", hilo sikulipenda na nilimwambia.

Kuongoza safu hakufundishi katika siku hizi tatu. Anasema kiongozi anafikiria kwa ajili ya wawili, na mnara wa kuongozea ndege unaongea naye yeye peke yake, maana safu inahesabiwa kama ndege moja. Nimekubali. Nimeshaweka nafasi ya duru inayofuata, kwa sharti la saa 12 kamili na redio niijaribu mwenyewe.

Picha ya Maziwe dada ameitia fremu, iko sebuleni. Nimetoka vizuri sana, nikiwa naingia chini ya bawa.