Midway au Stalingrad: ipi iligeuza Vita Kuu ya Pili?

Vita vya Midway, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, viliamuliwa kwa dakika chache. Asubuhi ya Juni 4, 1942, ndege za Marekani zilizipiga mabomu meli tatu za Japani za kubeba ndege, zikawaka moto. Ya nne, Hiryu, ikafuata jioni. Marekani ilipoteza moja, Yorktown. Ushindi ulianzia mezani kwa wavunja misimbo: ili kuhakikisha kwamba "AF" katika ujumbe wa siri wa Wajapani ni Midway, kisiwa kiliagizwa kitangaze waziwazi kuwa mtambo wake wa maji umeharibika, na Wajapani wakapashana habari kwamba AF ina uhaba wa maji.

Stalingrad, mji wa Wasovieti kando ya mto Volga, ni habari nyingine kabisa. Huko watu walipigana kwa miezi mitano na zaidi, nyumba kwa nyumba, ngazi kwa ngazi. Novemba 19, 1942, Jeshi Jekundu la Wasovieti lilipiga ubavuni, walikolinda Waromania, washirika wa Ujerumani wenye silaha hafifu, na siku 4 baadaye pande zake mbili zikakutana karibu na mji wa Kalach, nyuma ya Wajerumani. Jeshi la Sita la Ujerumani likanasa ndani, Hitler akalikataza kutoka. Waliotekwa mwishoni ni kama 91,000. Waliorudi makwao hawazidi elfu chache. Inauma kusoma, hata kwa upande wa adui.

Kwangu mimi Stalingrad ina uzito zaidi. Marekani, kwa viwanda vyake, ingeshindwa Midway ingejenga meli nyingine. Wasovieti hawakuwa na pa kurudi, mto Volga ulikuwa mgongoni, na kusini yalikuwepo mafuta ya Kaukasi ambayo Hitler aliyataka kwa udi na uvumba.