Toyota MR-S: injini ya katikati kwa barabara za Uganda

Kwa anayetaka gari la spoti lenye injini katikati, na ambalo fundi wa kawaida wa Kampala anaweza kulihudumia, chaguo la maana ni moja: Toyota MR-S, iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2007. Injini yake ya 1ZZ-FE, yenye sentimita za ujazo 1,794, ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye Toyota Wish za kwanza za 1.8 na Premio za 1.8 za miaka ileile. Spea za injini, basi, zipo kwenye soko la spea la Kisekka. Taa, bampa na turubai la paa ni habari nyingine. Gari lililogongwa vibaya liache, hata kama bei inavutia.

Injini ya katikati hukaa nyuma ya dereva lakini mbele ya ekseli ya nyuma. Kwenye Volkswagen Beetle na Porsche 911, injini imevuka ekseli na kuning'inia nyuma yake. Uzito huo hukandamiza matairi yanayosukuma gari, kwa hiyo gari hutoka kwenye kona na kwenye tope kwa nguvu. Ndiyo sababu mojawapo Beetle ilishinda mbio za Safari 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo njia ilipita Uganda pia, na ndiyo maana 911 bado zinatamba kwenye Safari Classic, mbio za magari ya zamani. Taabu yake huonekana kwenye lami: dereva akiachia mafuta katikati ya kona, uzito ule huvuta mkia nje, na mkia ukishaanza kuondoka si rahisi kuurudisha.

Porsche wenyewe walikubali kuihamisha injini. Gari lao la mbio, 911 RSR ya msimu wa 2017, liliwekwa injini mbele ya ekseli ya nyuma. Nafasi iliyobaki nyuma ilitosha difyuza kubwa, ile sakafu iliyopinda juu ambayo hufanya hewa inayopita chini ilivute gari kwenye lami, na matairi ya nyuma yakapunguziwa mzigo. Mwaka 2018 gari hilo lilishinda daraja la GTE Pro kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Lakini wengi hawaendelei na habari hadi mwisho. Daraja la LMGT3 lilipochukua nafasi ya GTE mwaka 2024, Porsche walirudi na 911 GT3 R, injini yake ikiwa nyuma ya ekseli kama zamani, ila imeinamishwa nyuzi 5.5 ili difyuza ipate nafasi. Ikashinda daraja lake Le Mans 2024, ikashinda tena 2025.

Kwa hiyo usinunue MR-S ukidhani kwamba mahali pa injini panatosha kukupa ushindi. Kwa mwendo wa gari kama hili, hewa ya chini haikupi kitu cha kuhesabu. Unachopata ni wepesi wa kugeuka: gari lina takriban tani moja tu, na vitu vizito vimekusanyika karibu na kiti chako. Ukigeuza usukani, linageuka papo hapo. Likiteleza pia, linateleza papo hapo, na hapo ndipo mikono iliyozoea Subaru inayosukumwa na magurudumu yote manne hushindwa. Funga breki wakati gari bado limenyooka, achia breki taratibu unapoingia kona, kisha kanyaga mafuta kidogo tu ya kushikilia mwendo kabla hujafika katikati ya kona. Kuachia mafuta ghafla ndani ya kona, hasa mvua ikinyesha, kunalizungusha gari.

Matairi ndiyo yanayoharibu sifa ya gari hili hapa kwetu. Kiwandani lilitoka na 185/55R15 mbele na 205/50R15 nyuma. Matoleo ya 2002 kuendelea yana 215/45R16 nyuma. Tofauti hiyo ni ya makusudi, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito iko nyuma. Muuzaji akikushawishi ufunge manne yanayolingana ili uweze kuyabadilishana, kataa: mshiko wa mbele unauzidi wa nyuma, na mkia utakuwa wa kwanza kuondoka. Upepo ni psi 26 mbele na 32 nyuma, matairi yakiwa baridi. Vijana wa puncha wamezoea kujaza kiasi kilekile magurudumu yote, kwa hiyo pima mwenyewe. Ukichagua tairi lililotumika, soma tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Lililopita miaka sita halifai nyuma ya MR-S, hata kama meno yake ni marefu. Na alaimenti ipimwe magurudumu yote manne. Gereji inayopima ya mbele tu haikusaidii.

Injini za miaka ya mwanzo zina ugonjwa unaojulikana. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba, ringi zinakwama, na injini inaanza kula oili. Oili hiyo ikiungua inaharibu katalisti (vichujio vya kusafisha moshi) mbili ndogo zilizo ndani ya manifoldi ya egzosi. Zinabomoka, na vumbi lake la kauri huweza kunyonywa kurudi kwenye silinda, likakwaruza kuta zake. Kabla ya kulipa hata shilingi, mwambie fundi afungue sensa za oksijeni kwenye manifoldi na achungulie kwa tochi. Ukiona sega la kauri la katalisti limevunjika au halipo, pima mgandamizo wa silinda zote nne kabla ya kuzungumza bei. Kama injini imekwisha, tafuta ya Wish yenye pistoni zilizorekebishwa. Hamisha manifoldi, mabano, waya na kompyuta ya MR-S kutoka injini ya zamani.

Rejeta iko mbele kabisa, injini iko nyuma, na mabomba ya maji hupita chini ya sakafu. Fundi asiyejua hilo hujaza maji kwa nyuma na kufunga, hewa inabaki mbele, gari linachemka kwenye foleni ya kwanza. Utaratibu ni huu: hita iwekwe kwenye moto kabisa, vali za kutolea hewa zilizo mbele zifunguliwe zikiwa na mpira mwangavu ulioinuliwa juu, kisha jaza polepole hadi mapovu yaishe. Funga, washa injini mpaka feni izunguke, acha ipoe, jaza tena. Tumia kuleni, usitumie maji ya bomba.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu. Farasi 140 za kwenye karatasi zihesabu kama 125 hivi. Bado zinatosha kwa uzito huu.

Kwa murram, hapana. Mawe hupiga mabomba yale ya chini, vumbi linajaa kwenye filta, na matuta ya mitaani yanagusa tumbo. Mbio zetu za rali ziachie Mitsubishi Evo na Subaru. MR-S ni ya lami: mbio za kupanda mlima na majaribio ya kuzunguka koni.

Chukua ya gia za mkono. Ile ya SMT isiyo na kanyagio la klachi hutegemea pampu ya haidroliki, na ikifa unaweza kungoja spea kutoka Japani kwa muda mrefu. Kwa kuwa sheria ya 2018 ilizuia kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, nunua iliyokwisha sajiliwa nchini, na linganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi ya gari kabla ya kumlipa mwenye gari.